Meza Isiyopita Mlangoni

Seremala mwenye akili hupima mlango kwanza, ndipo atengeneze meza. Makarius wa Kibondo akili alikuwa nayo, na mlango aliupima. Ila meza ya redio ya mwalimu Nathaniel aliiungia palepale sebuleni, makusudi, pana kuliko mlango, kwa gundi na ndimi za mbao, bila hata skrubu moja ya kulegezwa.

"Hii haitoki, muvandimwe," alimwambia, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao. "Ukihama, unaiacha."

"Nani anahama?" Nathaniel alicheka. "Mimi nimeshakuwa Muha. Piga meza."

Makarius aliamini. Wenzake aliokua nao katika kambi ya wakimbizi walikwisha kutawanyika. Huyu karudi Burundi, yule kapelekwa Kanada. Yeye alibaki, akapata uraia, akakaa bila rafiki wa kweli mpaka alipokuja huyu mwalimu kutoka Iringa na mtambo wake wa kuongea hewani na watu wa nchi za mbali. Jumapili baada ya misa walikaa pamoja, mmoja akizungusha vitufe, mwingine akisikiliza. Ndiyo maana Makarius alifuata Kasulu mbao za mninga alizomwekesha shemeji yake, zile za kitanda chake na Vestina. Mkewe alinuna weee! Lakini mtambo ule ulitumia betri za lori, nzito, na mbao laini zingepinda. Alipomaliza, Makarius hakudai hata senti, alipanda juu ya meza akarukaruka. Haikulia hata kidogo.

Mwezi haujaisha, akapita kusalimia. Akamkuta mwanamke mgeni akipima madirisha ya kuweka mapazia, mwalimu Rabia kutoka Dodoma.

"Tumebadilishana vituo na Nathaniel," Rabia alisema kwa furaha. "Tunafuatilia tangu mwaka jana. Hukujua?"

Mwaka jana mbao zilikuwa bado Kasulu. Makarius aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyedanganya. Kuhama si kosa, watumishi huhama. Kilichomchoma ni kile kicheko, naye akiwa amepiga magoti na patasi mkononi.

Nathaniel akatoka chumbani na boksi. Haya hana.

"Ningekwambia, ungeitengeneza hivi?" aliuliza. "Usinune, bwana. Tutaongea kwa redio."

"Mimi nina redio gani?"

Nathaniel akachungulia nje, lori la mizigo lilikuwa linamsubiri. "Sasa, fundi, lete msumeno uikate hapo katikati. Huko niendako nitapata mtu wa kuiunga."

Fundi! Jana alikuwa ndugu. Makarius angeweza kumtukana kwa Kirundi, Kiha na Kiswahili bila kurudia tusi. Badala yake alikwenda akaleta msumeno, akapiga mstari kwa penseli, kisha akauliza nani analipa.

Nathaniel alicheka tena. "Unanilipisha mimi?"

Makarius akamtajia bei, ile anayomtajia mtu yeyote asiyemjua, akanyoosha mkono, akasubiri.