Majivu ya Ukoo wa Liang

Mume wangu Vuai hajawahi kuosha hata kikombe chake, lakini siku ile, kwenye nyumba ya watu, alijitia usafi.

Nyumba yenyewe ni jumba la mababu wa ukoo wa Liang, Wachina wenyeji wa hapa Kangle, nyuma ya viwanda vya kushonea nguo. Miaka mingi lilikuwa ghala la majora ya vitambaa, paa linavuja. Wanaukoo wakalikarabati, wakaweka vigae vipya, wakasema litumiwe na kila anayeishi mtaani. Wa kwanza kuomba tulikuwa sisi Wazanzibari, kwa harusi ya binti yetu Fathiya, maana hoteli mbili zilishatukataa. Mzee Liang, mtunza jumba, alikubali. Alitaka kitu kimoja tu: pawe safi.

Asubuhi ya harusi nikamkuta Vuai anang'arisha chungu cha shaba cha kuchomekea vijiti vya ubani, kinachokaa mbele ya vibao vya majina ya mababu.

"Baba Fathiya, majivu yake yako wapi?"

"Nimemwaga. Chetezo hakitiwi udi juu ya majivu ya jana, wewe hujui?"

"Umemwaga wapi?"

"Kwenye taka. Gari limeshapita."

Majivu yale hayatupwi! Yanarundikana, baba kwa mwana, ndiyo uhai wa ukoo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Sisi wageni tumemuua mwenyeji.

"Tutie ya mkaa wa pilau," Vuai akanong'ona. "Nani atajua?"

"Mungu!"

Wageni wa harusi walishatua uwanja wa ndege wa Baiyun, wako kwenye treni ya metro. Simu inalia, sipokei.

Mzee Liang akaingia na vijiti vyake vya ubani, vinafuka moshi. Akavichomeka chunguni. Havikusimama, vikalala. Akachungulia ndani, kisha akatutazama.

"Laoban," Vuai akamwita bosi kwa Kichina chake cha sokoni, "ni mimi. Nilidhani nasafisha."

Mzee akatoka. Nikajua anakwenda kuwaita wenziwe watufukuze. Nikaanza kukunja mikeka, machozi yananitoka kwa hasira na aibu. Nimwambie nini mwanangu, na hina haijakauka mikononi?

Akarudi peke yake, na kopo la biskuti lililojaa majivu.

"Ya nyumbani kwangu," akasema. "Mke wangu alipofariki nilichota kidogo humu, nikaanzisha chungu chake. Namwashia kila siku."

"Na yeye atabaki na nini?" nikamuuliza.

Akamimina yote, akaligonga kopo mpaka likawa tupu.

"Nitaanza upya. Hakuwa mtu wa kununa."

Akachomeka vijiti, vikasimama. Afadhali angetutukana. Vuai alikaa chini akalia kwa sauti, na wageni wakatukuta hivyo.