Nyuma ya Kizazi

"Kesho hicho kizazi kitolewe, yaishe!" Maisara alifoka, mkasi mkononi. "Sisubiri mpaka uvimbe uniulie mtoto."

"Mtoto ana miaka ishirini na saba, Mama. Na hajazaa. Picha kwanza," Muzdalifa alimjibu.

"Basi sogea nikate!"

Walikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hospitalini mjini. Ultrasaundi ilionesha uvimbe mkubwa kama dafu, na daktari wa kwanza akasema umo ndani ya kizazi, kitolewe chote. Muzdalifa alishatia saini kukubali upasuaji. Karatasi ilikuwa mkobani mwa mama yake. Daktari Mudrik ndiye aliyetaka kwanza picha ya MRI. Sasa Bi Riyama, mpiga picha, amekataa katakata: mashine ni sumaku, hakiingii chuma hata punje, na shanga za kiunoni mwa Muzdalifa zimetungwa kwa waya.

Shanga hizo alifungwa na somo wake, kungwi aliyemfunda siku za harusi. Kwa mila, mama mzazi hana ruhusa hata ya kuziona. Maisara akafumba macho, akapapasa, akakata.

"Mama! Umekata kanga!"

"Kanga inanunuliwa. Ingia."

Maisara alikaa nje, shanga zimejaa kiganjani. Mashine iligonga kama mafundi kumi wanaezeka mabati. Akasoma kila dua aliyoijua, kisha akaanza upya.

Baadaye Daktari Mudrik aliwaita mbele ya kioo cha kompyuta. Akamkata Muzdalifa pichani kipande kwa kipande, mithili ya mkate wa boflo, bila kisu, bila tone la damu. Maisara akasogea karibu na kioo. Uti wa mgongo ule pale. Kibofu kile. Mwili alioubeba miezi tisa, na leo ndiyo kwanza anauona.

"Uvimbe huu hapa," daktari alisema. "Umeota kwenye mshipa wa fahamu, mbele ya mfupa wa kitako. Ni nadra sana. Haufanani na saratani, ila tutachukua kinyama tupime. Na hiki kidogo, kama pera, kilichosukumwa mbele, ndicho kizazi. Kizima."

"Subhanallah," Maisara alinong'ona. Akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Na mimi nilitaka kitupwe."

Muzdalifa alikuwa analia kimya kimya.

Maisara akafungua mkoba, akatoa ile karatasi.

"Saini yako, ichane mwenyewe."

Muzdalifa akaichana mara mbili, akampa daktari vipande.