Soseji ya Kusikika Kwenye Simu

Jumapili iliyopita Chiriku aling'ata soseji mbele ya simu, akangoja sifa. Mama yake, mwaka wa tatu sasa yuko mbali akiwapikia watu wasio wake, naye akangoja.

"Mbona kimya? Mtandao umekatika?" mama akauliza.

Mtandao ulikuwa mzima. Bubu ilikuwa soseji. Kwa uvivu wake Chiriku alikuwa ameijaza nyama kwenye ngozi ya kiwandani, laini kama maneno ya mkopaji, ilhali mama alisema siku zote kwamba soseji njema huonjwa kwa sikio kwanza. Iking'atwa, ilie.

Basi Jumapili hii akadamkia buchani.

"Chukua ngozi ya plastiki," alisema muuza nyama. "Hii hata uikanyage haipasuki."

"Mjomba, napika soseji, sishoni viatu."

"Utumbo wa ng'ombe je?"

"Huo nikiujaza napata mto wa kulalia."

Muuza nyama akacheka, akatoa bakuli la utumbo wa kondoo, mwembamba, umelala kwenye chumvi. Chiriku akasuuza mmoja, akaupuliza, akauweka shavuni asikie kama unavuja. Ndivyo alivyofanya mama.

"Dada, baluni hizo ni za harusi ya nani?" mtu akauliza kwenye foleni, bucha zima likaangua kicheko.

Wa kwanza ulivuja. Wa pili ukavuja. Wa tatu ukatulia shavuni, baridi, umelowa, kama kiganja cha mama kilichotoka kwenye maji kuja kumpima homa. Chiriku akamsahau yule wa baluni, akaubana shavuni kidogo zaidi.

"Huu, mjomba," akasema polepole.

Alasiri baba yake aliishika simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Soseji sita zilikuwa zimetoka motoni. Chiriku akang'ata.

Ta!

Akaisogelea simu.

"Mama? Umesikia?"

"Ya kondoo hiyo." Sauti ilikuwa nzito. "Uliupuliza?"

"Mpaka watu wakanicheka."

"Ng'ata tena, mwanangu."

Akang'ata. Baba naye akang'ata yake, ta! Kila walipomaliza moja, mama alisema, "Tena." Ikabaki ya mwisho, na katika nyumba ile soseji ya mwisho ilikuwa ya mama tangu zamani. Baba na binti wakatazamana.

"Tena," mama alisema.

"Zimekwisha, mama," Chiriku akajibu, akaifunika kwa sahani.