Mwenye Jengo wa Kwenye Karatasi

Kwa karatasi za serikali, Shehata alikuwa na majengo sita mjini Iskandaria. Kwa kweli ya Mungu hakuwa na hata kitasa. Leo analala stoo ya mbao ya shemeji yake, kesho kwenye benchi la mkahawa, kesho kutwa hajui.

Zamani alikuwa fundi lipu. Mgongo ulipokataa kazi, mkandarasi mmoja, Hajj Metwalli, akamwomba jina tu. Jina liingie kwenye hati ya kiwanja na kwenye kibali cha ujenzi. Kibali kiseme ghorofa nne, jengo lipande hadi kumi na mbili, na kesi ikija imtafute Shehata. Watu wa namna hiyo kule huitwa kahuli, na neno hilo halitamkwi kwa heshima. Kesi zikaja kweli. Kwa jengo moja peke yake alihukumiwa miaka mitano, mwenyewe hayupo mahakamani. Tangu hapo akawa mtu wa kutangatanga, akikwepa polisi.

Jumatatu hiyo asubuhi miguu ilimpeleka kwenye jengo lilelile. Akakuta wakaazi wote wako barabarani, wengine na magodoro. Nguzo ya gereji ilikuwa imepasuka kutoka chini hadi juu.

"Bwana injinia, tuandikie ombi basi!" Bi Nagat, mshonaji wa ghorofa ya tatu, alikuwa amemzibia njia mtu wa halmashauri.

"Mama, nimesema mpaka koo limekauka," akajibu injinia Wagdi. "Kamati inakaa saa sita. Ikipata ombi la mwenye jengo, inatoa kibali cha kuegemeza na kukarabati. Isipopata, linavunjwa."

"Sisi si tumenunua?"

"Mikataba yenu haijasajiliwa. Kisheria ninyi ni wapita njia."

"Na huyo mwenye jengo ni nani?"

"Shehata Abdel-Tawwab Mahrus."

"Mungu amkaushe ulimi! Saa hizi anakula kamba wa baharini kwenye jumba lake la bustani."

"Bustani tu? Yule ana boti," akadakia muuza gesi.

Shehata akasogea karibu. "Na mkandarasi je?" akauliza.

"Metwalli? Kazima simu, na jina lake haliko popote," alisema injinia. "Kwani wewe nani, ami?"

"Fundi lipu."

"Haya, ingia utuangalizie."

Akaingia. Mtu alikuwa ameusiriba ufa. Shehata alipobonyeza kidole, lipu ilikuwa bado mbichi, na nyuma yake chembe za zege zikamwagika mkononi kama mchele. Akatoka haraka, akashika njia ya kwenda zake. Akafika duka la maji ya miwa, akageuka. Akaondoka tena, safari hii hadi kona, akarudi akijitukana. Kando ya injinia alisimama askari. Kutoa kitambulisho hapo ni kujipeleka jela.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Tano na nusu."

Akatoa kitambulisho. Injinia akakisoma, akamtazama usoni, akatazama na ndara zake.

"Ami, unajua ukitia saini hapa, huyu bwana askari—"

"Najua. Acha hotuba, nipe kalamu."

Alitia saini akiiegemeza karatasi kwenye boneti ya teksi. Injinia akakimbia nayo. Hapo Bi Nagat akaja, kiatu kakiinua mkononi.

"Ndiwe wewe? Ndiwe Shehata?"

"Ndimi."

"Jumba lako liko wapi, mwizi wewe?"

Shehata akanyoosha kidole kwenye jengo la nyufa. "Hilo hapo. Na mengine matano. Sina ufunguo hata mmoja."

Kiatu kikashuka polepole.

Gari la polisi lilichelewa. Saa sita na robo injinia alimpigia askari simu: kibali kimetoka, miti ya kuegemezea iingie sasa hivi. Vibarua walipoanza kuibeba, Shehata alikuwa ameshapandishwa garini.

"Msianze na nguzo iliyopasuka!" akapiga kelele. "Anzeni na mbili za pembeni!"

"Mzee, kaa chini," alisema askari.

"Nikae vipi? Hawajui kazi hawa! Bi Nagat, waambie!"

Gari likaondoka naye kasimama, kashika vyuma. Nyuma yake sauti ya Bi Nagat ilikuwa juu: "Hamsikii? Za pembeni kwanza!"