Engozi Haipewi Mgeni

Kila kaya ya kijiji kile cha mlimani, upande wa Kaisho, ilikuwa na bega lake katika chama cha engozi. Engozi ni machela ya kusukwa kwa fito, yenye mti wa kubebea mbele na nyuma. Mgonjwa akizidiwa hulazwa humo, wanachama wakambeba kushuka mpaka barabarani, maana gari halipandi. Ile mpya aliisuka Benadeta, baada ya iliyosukwa na marehemu baba yake kuoza. Aliisuka kimyakimya, kama alivyofanya kila kitu, na watu wakaisifu kabla hawajajua ni kazi ya nani.

Siku mgombea ubunge, Mwesiga, alipopanda na wapiga picha wake, aliikuta imeegemezwa ukutani kwa Mzee Rwegoshora, mwenyekiti wa chama.

"Mzee, nipeni hiyo niionyeshe kila mkutano. Bima ya afya kwa wote inakuja. Hakuna mama atakayebebwa tena kama mzigo."

Watu wakapiga makofi. Mzee Rwegoshora akasita, lakini mgeni aliyeomba kitu mbele za watu hanyimwi, hasa akiwa amekwisha kula ndizi zako. Akaashiria iletwe.

Benadeta aliitazama ikiletwa. Dada yake Dafroza alikuwa nyumbani na mimba ya kujifungua siku yoyote, na uzazi wa kwanza ulimtoa damu nyingi. Engozi ikiondoka, atashukaje? Tena juzijuzi, alipopeleka ndizi sokoni Kaisho, alimsikia Mwesiga huyuhuyu akiwaambia wenye maduka kwamba hakuna atakayelazimishwa kumlipia mwenzake ugonjwa. Kila mtu ajitibu kwa jasho lake. Na wao walipiga makofi.

Alitamani mwingine aseme. Lakini hakuna mwingine aliyemsikia kule sokoni. Akasogea mbele, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti."

"Juzi sokoni ulisema kila mtu ajitibu."

Mwesiga akacheka. "Kule nilikuwa na wafanyabiashara, binti. Siasa ni pana."

"Na haya unayotuahidi sisi utayashika mpaka wapi? Mpaka ukifika barabarani?"

"Leo amepata mdomo," akasema jirani yao Cleophace, na watu wakaangua kicheko.

"Benadeta," Mzee Rwegoshora akamkanya. "Huyu ni mgeni."

"Najua, baba mdogo. Lakini kwenye chama chetu, asiyewahi kubeba hana neno juu ya engozi. Abebe kwanza."

Mzee alifikiri. Kisha akavua kofia, akajilaza ndani ya engozi na kumwambia Mwesiga: "Kweli, ndiyo sheria yetu. Nibebe, mwanangu. Ukinifikisha barabarani, ni yako."

Kamera zilikuwa zimewashwa. Mwesiga akaingiza bega chini ya mti wa mbele, wabebaji wengine wakashika pao, wakaanza kushuka. Kufika kwenye migomba ya Cleophace, viatu vyake vilikuwa vinateleza na shati limemganda mgongoni.

"Mheshimiwa," Cleophace akamwuliza akitembea kando yake, "huyu tumlipie au ajitibu?"

"Alipiwe. Wote walipiwe. Nishusheni."

"Anayeshushwa ni mgonjwa," Mzee akajibu kutoka ndani. "Wewe omba kupokewa."

Cleophace akampokea. Mwesiga aliketi kwenye jiwe akihema, na hakuiomba tena engozi.

Uchungu ulimshika Dafroza wiki ile ile, asubuhi ya mvua. Wabebaji walipokusanyika, Mzee Rwegoshora aliwasogeza wanaume, akamwonyesha Benadeta mti wa mbele. Hakuna mwanamke aliyewahi kuubeba. Benadeta akauweka begani. Fito zililia kidogo, kisha zikatulia na uzito wa dada yake, na yeye akajua hazitakatika.

Walipopita dukani, redio ilikuwa inamtangaza Mwesiga; alikuwa akieleza jambo jipya kuhusu bima. Hakuna aliyesimama kusikiliza. Njia ilikuwa na utelezi, na Benadeta, mbele ya wote, alikuwa akiwaambia kwa sauti pa kukanyaga.