Sikio la Bwana Viti

Afande aliingia studio asubuhi, bahasha kwapani, akakuta baraza limeshajaa: mimi, msusi wa mlango wa pili, na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa. Studio yangu ya picha haijawahi kukaa kimya. Mtu anakuja kupiga pasipoti, anaondoka anajua nani kaachana na nani.

"Fundi, kazi hii ni ya siri," afande akasema, huku anaitoa kwenye bahasha mbele yetu sote.

Ilikuwa picha ya harusi ya zamani. Bibi harusi anacheka kwa meno yote, bwana harusi kamgeukia kwa ubavu. Mkunjo ulikuwa umempitia yule mwanamume usoni, ukala jicho, pua na mdomo.

"Anatafutwa mwaka wa kumi na saba huu," afande akasema. "Alimkatia mkewe bima ya maisha. Mwaka haujaisha, mke akakutwa bafuni, amekufa. Ikasemwa kateleza. Bima ikalipa. Daktari mwingine alipoipitia ile ripoti, akasema huyu kanyongwa. Polisi kufika nyumbani, mume hayupo, na picha zake zote kazichoma. Hii alikuwa nayo mama wa marehemu. Aliikunja ili amwone binti yake tu, asimwone mkwe. Ndiyo kwanza ameitoa."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nirudishie uso."

"Afande, mimi nasafisha picha, siumbi watu."

"Na mvi umwekee," msusi akadakia. "Miaka kumi na saba si mchezo, hata mashaka yanazeesha."

Afande akacheka, akaacha namba ya simu, akaenda zake. Sisi tukabaki tunaigombania picha. Mteja akasema bibi harusi kafanana na binamu yake. Msusi akasema gauni limembana kifuani. Umbea ukaiva, mpaka mdogo wangu alipoingia, kapaka rangi ya mdomo, kanyoosha shingo.

"Dada, nipige pasipoti. Nne."

"Za kazi gani?"

"Za fomu." Akakaa kwenye stuli mbele ya pazia jeupe. "Bwana Viti ananikatia bima ya maisha kabla ya ndoa. Wenzangu wanapewa maua, mimi napewa bima. Mwanaume anayefikiria mbele."

Msusi akanitazama. Nikamtazama. Mteja akajifanya anakuna kichwa upande ambao haujasukwa.

Bwana Viti hana asiyemjua mtaani kwetu. Ndiye anayekodisha viti na maturubai. Harusi, msiba, mahafali, yeye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mcheshi, mkarimu, watoto wanamkimbilia. Alihamia miaka kumi na miwili nyuma, na hakuna aliyeuliza katokea wapi, maana mtu akikubebea viti vya msiba wa baba yako humuulizi maswali. Watu wanaokata bima ni wengi, nikajiambia. Nikampiga mdogo wangu zile picha, nikamwambia azifuate kesho.

Lakini mimi jambo likinikaa kichwani haliniachi. Sherehe zote za mtaa huu nimezipiga mimi, na zote zimo kwenye kompyuta. Nikaanza kumtafuta shemeji yangu mtarajiwa, nimwangalie tu huo uso wake.

Sikuupata.

Harusi ya mtoto wa muuza mkaa: kabeba viti vinne begani, vimemfunika. Msiba wa mzee wa duka: kainama anafunga kamba ya turubai. Mahafali: kageuka. Nikafungua mwaka baada ya mwaka, chai ikapoa pembeni. Mtu kahudhuria harusi nyingi kuliko maharusi wenyewe, na hana hata picha moja ya uso. Kila nilipoinua kamera, kumbe, yeye alikuwa anainua kiti.

Nilichokipata kila mahali ni sikio la kushoto.

Masikio nayajua mimi. Ofisi ya pasipoti haipokei picha kama masikio mawili hayaonekani, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kuwarudishia watu nywele nyuma ya masikio. Nikalikuza lile la Bwana Viti. Juu, ukingoni, lilikuwa na pengo dogo, kama karatasi iliyotafunwa na panya. Nikaifungua picha ya afande. Mkunjo ulikuwa umekula uso, sikio haukuligusa. Pengo lilikuwa palepale.

Kesho yake nilimkalisha mdogo wangu mbele ya kompyuta, nikamweleza yote tangu afande alipoingia.

"Kwa sikio, dada?" akasema. "Unataka kunivunjia ndoa kwa sikio?"

"Liangalie."

"Aling'atwa na mbwa utotoni, aliniambia. Mbwa wako wengi." Kisha akasogea, akaziba lile pengo kwa kidole, akaliacha, akaziba tena. "Shingo anainamisha hivihivi," akasema taratibu. "Ninapomwambia kitu." Akamtazama yule bibi harusi anayecheka. "Anakuja kunichukua hapa saa nane, tupeleke fomu."

"Usiende."

"Mpigie afande. Na kama siye, utaniomba radhi mbele ya msusi."

Saa nane kasoro Bwana Viti aliingia, kanyoa, ananukia sabuni. "Shemeji, picha za mtoto mzuri tayari?"

"Tayari. Nazikatakata."

"Na sisi tupige moja," mdogo wangu akasema. Alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono mapajani. "Ya wawili."

"Mimi na kamera hatupatani, mpenzi. Nitaipasua."

"Moja tu. Sijawahi kukuomba kitu."

Akacheka. Mimi nikainua kamera. Naye, kwa mazoea tu, akashika kiti cha plastiki cha wateja. "Basi ngoja niwapishe nafasi," akasema, akakinyanyua mpaka usawa wa macho, akageuka.

Ndipo afande akasimama mlangoni, na wenzake wawili nyuma yake.

"Fundi, uso umepatikana?"

"Uso umenishinda, afande," nikasema. "Ila sikio hilo hapo, nyuma ya kiti."

Kiti hakikuanguka. Alikishusha polepole, kama anakipanga mstari wa mbele, akakifuta vumbi kwa kiganja. Hakumtazama mtu.

Walipomtoa, msusi alikuwa ameshafika, kitana mkononi. Mdogo wangu akachukua pasipoti zake nne juu ya meza, akaziangalia moja moja, akazitia mkobani.

"Nimetoka vizuri," akasema. "Hizi nitaombea leseni ya udereva."