Ombi Lililotundikwa Ukutani

Sogeeni, wajukuu zangu, niwapeleke nchi isiyopandiwa gari wala punda, nchi ya Fumboni, ambako watu walipenda maneno kuliko walivyopenda wali. Mimi chuoni sikukaa sana, lakini habari hii naijua vizuri, maana inatuhusu.

Fumboni alitawala Sultani Majisifu, na desturi yake ilikuwa hivi. Kila siku ya mwaka mpya alitia mkono kwenye kapu, akatoa herufi moja, akaifungia ndani ya kasha kwa kufuli. Tangu siku ile hadi mwaka kuisha, ombi lolote litakalofika barazani, liwe la kuandikwa au la kusemwa, lisiwe na herufi ile. Kazi ya kusikiliza alipewa Karani Chujio, mtu mwembamba mwenye masikio mapana. Akiisikia tu, hugonga upatu, ngwee! Basi ombi limekufa, na mwenyewe arudi kwao.

Msicheke. Watu walijivunia jambo hilo, na mimi siwalaumu. Kusema ukakwepa herufi moja ni kama kucheza ngoma mguu mmoja umefungwa kamba, na wao walicheza kweli! Hata muuza chumvi alijua kuzungusha maneno mpaka unanunua bila kujua umenunua nini.

Mwaka mmoja kapu likatoa M.

Mwaka huohuo Waziri Pindamaneno akajenga ukuta wa mawe, akauzuia mto usiteremke kijiji cha Nenowazi, ili bustani zake zistawi. Nenowazi ndiko kwetu. Visima vikabaki tope, mbuzi wakalala chini, watoto wakaanza kulamba midomo. Basi mwalimu wetu wa chuo, Mzee Makini, akakaa siku saba na kalamu yake, akaandika:

"Ewe Jua la haki, sisi watu wa Nenowazi tunalia. Kile alichotushushia Rabi toka angani, kitiririkacho hadi bondeni, Waziri wako kakizuia kwa ukuta. Watoto wetu koo zinakauka. Tufungulie."

Itafuteni hiyo M, wanangu. Hamuioni! Huyo ndiye Makini wetu.

Barazani liliposomwa, upatu haukulia. Watu wakasimama, wakapiga makofi, mwingine akalia machozi. "Uhodari ulioje!" Sultani akasema. "Toka nizaliwe sijaona ufundi kama huu. Litiwe fremu ya dhahabu, litundikwe ukutani, na watu wa Nenowazi waje kwenye karamu tuwatunze!"

Wakalitundika. Ukuta wa Waziri ukabaki palepale, na Waziri mwenyewe alipiga makofi kuliko wote.

Aliyetumwa kwenda karamuni ni Bi Shupavu, msusi wa mikeka, mwanamke asiyejua herufi hata moja na asiyeogopa mtu hata mmoja. Alitembea siku mbili. Kibuyu chake alikijaza maji ya mwisho ya mtungi wake, na kichwani akabeba zawadi ya kijiji, papa mkavu. Mnajua papa hulowekwa kwanza, chumvi itoke. Nenowazi wangemloweka kwa maji gani? Wakamchoma hivyohivyo.

Sultani, kwa heshima ya mgeni, alikula kipande kikubwa. Kisha cha pili. Uso ukaiva.

"Maji!" akasema. "Nileteeni maji!"

Ngwee!

"Mola akuweke, Mtukufu," akasema Karani Chujio, "ombi lina herufi iliyofungwa. Sheria yasema lirudi lilikotoka."

"Wewe Chujio! Ni mimi!"

"Ndiyo, Mtukufu. Na muhuri wa sheria ni wako."

Sultani akameza mate ambayo hayakuwepo. "Haya... nipeni cha kunywa!" Wakakimbia, wakaleta kahawa inayochemka. "Sicho! Kile cha baridi!" Wakaja wawili na mapepeo, wakampepea. Macho yakamtoka, yakazunguka baraza nzima, yakatua ukutani. Akanyoosha kidole, akasoma kwa sauti iliyokwaruza: "Kile alichotushushia Rabi toka angani..."

Baraza likalipuka kwa makofi. "Ahsante! Rudia, rudia! Utamu ulioje!" Na hakuna aliyeinuka.

Hapo ndipo Sultani Majisifu alipolielewa ombi la Nenowazi, maana sasa lilikuwa lake.

Bi Shupavu akainuka, akapita katikati ya wenye vilemba, akazibua kibuyu. "Kunywa, baba," akasema. "Ndiyo yaliyobaki kwetu."

Sultani akashika kibuyu kwa mikono miwili, hakunywa. "Ukirudi utakunywa nini, mama?"

"Ulizia ukutani. Sisi tulishajibu."

Akanywa funda moja tu, akakirudisha. Kisha akaagiza lile kasha liletwe, akavunja kufuli mbele ya watu. "Mchezo huu wa maneno tutaucheza sikukuu," akasema, "na tucheze kweli, maana ni sifa yetu. Ila mwenye shida aseme kwa kinywa alichopewa. Na wewe Pindamaneno, leo hii utaubomoa ule ukuta, jiwe kwa jiwe, kwa mikono yako."

"Mtukufu, mikono yangu ni ya kushika kalamu..."

"Itajifunza," akasema Bi Shupavu.

Sultani akamwambia achague tunzo. Vito vilikuwepo, hariri ilikuwepo. Bi Shupavu akaonyesha ile fremu. Watu wakanong'ona, mbona hajui kusoma? Yeye akaishusha, akaitia kwapani, akashika njia, na alipofika bondeni alivua viatu, maana mto ulikuwa umemtangulia.

Wewe mdogo, nenda kanichotee maji kule mtungini. Ukiinua kifuniko kishike vizuri, ile dhahabu ya fremu imeanza kubanduka pembeni. Bi Shupavu yule alikuwa bibi yangu.